Sekunde Mbili Zinazoua Injini: Mtungi wa Akiba ya Oili (Sehemu ya Tano)

Mwezi Machi 2025 Elfyn Evans, dereva kutoka Wales, alimaliza Safari Rally huko Naivasha akiwa wa kwanza. Gari lake lilikuwa Toyota, na tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 hadi siku hiyo Toyota haikuwa imempisha mtu: Ogier, Rovanperä, Ogier tena, Rovanperä tena, kisha Evans. Tangu siku hizo vijana wa Mbozi, Vwawa na Tunduma wenye Subaru na Altezza hawanipi nafasi ya kupumua. Mmoja hunisimamisha sokoni, mwingine hunifuata hapa Mbozi Mission nikitoka ibadani, na swali lao ni lile lile: "Mwalimu, ule mtungi wa oili wanaoufunga kwenye magari ya mashindano unafanya kazi gani, na mimi naweza kuufunga kwenye gari langu?"

Swali ni zuri na leo nitalijibu. Lakini kijana atakayeruka moja kwa moja hadi kwenye maelekezo ya kufunga atakuwa amefunga chuma asichokijua, na chuma usichokijua kitakugharimu. Kwa hiyo naomba tuanzie mbali kidogo.

Katika sehemu nne zilizopita tumeifungua injini tukaona pampu, filta, njia za oili na metali zinazoishika krenki. Sirudii. Nakumbusha jambo moja tu: injini ikiwa nzima, krenki haigusi metali. Nafasi iliyo kati yao ni kama sehemu tano za mia za milimita, na nafasi hiyo imejaa oili. Krenki inaelea. Sasa piga hesabu. Injini inayokwenda mizunguko 6,000 kwa dakika inazungusha krenki mara 100 kila sekunde. Pampu ikivuta hewa badala ya oili kwa sekunde mbili tu, krenki imezunguka mara 200 chuma kikisugua chuma, huku pistoni zikiikandamiza kwa nguvu zote za moto. Oili inaweza kuwa imejaa kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, kijiti cha kupimia kikaonyesha kiwango kamili, na injini ikafa hivyo hivyo. Ndiyo maana fundi anapofungua injini iliyonoki mwenye gari huapa kwamba oili alikuwa ameweka. Anasema kweli. Oili ilikuwepo, ila haikuwa mahali ilipohitajika.

Ujuzi kwamba krenki inaelea haukushuka kutoka mbinguni, na historia yake naipenda kuliko sura nyingine yoyote ya ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo ya Uingereza ilimpa Beauchamp Tower kazi ya kuchunguza msuguano wa ekseli za mabehewa ya reli. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba oili ni kitu cha kupaka: unapaka chuma, chuma kinateleza, basi. Tower alichukua ekseli yenye kipenyo cha inchi nne, akaiwekea metali ya shaba juu yake, upande wa chini ukaoga ndani ya oili, kisha akaizungusha chini ya mzigo. Majaribio yakamwendea vizuri. Baadaye akatoboa tundu juu ya ile metali ili afunge kikombe cha kudondoshea oili, kama ilivyokuwa desturi. Mtambo ulipozunguka, oili ikapanda kupitia lile tundu na kumwagika nje. Akaliziba kwa kizibo cha mti. Kizibo kikasukumwa kikatoka.

Hebu fikiria mtu aliyekuwa amesimama pale. Metali imebeba mzigo mzito, na oili iliyo chini yake inasukuma kizibo nje! Tower hakukasirika wala hakugongelea kizibo kwa nyundo kubwa zaidi, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Alifunga geji ya presha pale tundu lilipokuwa. Geji ile ilikuwa na uwezo wa kusoma hadi pauni 200 kwa inchi ya mraba, na mshale ukapita mwisho, ilhali mzigo wa wastani juu ya metali ulikuwa pauni 100 hivi. Jibu likawa wazi. Mzunguko wa ekseli wenyewe ulikuwa unaivuta oili na kuibana mpaka inaunda mto wenye presha unaoinua mzigo mzima. Alitoa taarifa zake mwaka 1883 na 1885, na mwaka 1886 Osborne Reynolds, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa profesa Manchester, akatoa hesabu iliyoeleza jambo hilo lote. Metali zote za magari yanayopita Tunduma leo, kuanzia kigari kidogo hadi Scania ya ekseli sita, zimechorwa kwa hesabu ya Reynolds.

Nawaomba vijana wa gereji mlitazame tendo lile la Tower kwa makini. Kitu kilipokwenda kinyume na alivyotarajia, alifunga geji. Nitarudi kwenye neno hilo.

Kabla ya Tower kulikuwa na mtu mwingine, na huyu lazima nimtaje maana vitabu vya ufundi tunavyotumia vinampita kimya. Elijah McCoy alizaliwa mwaka 1844 huko Ontario, Kanada. Wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky, nchini Marekani, wakatoroka na kuvuka mpaka kwenda kwenye uhuru. Walibana matumizi wakampeleka kijana wao Edinburgh, Uskoti, akasomea uhandisi wa mitambo. Aliporudi, familia ikiwa sasa inaishi Michigan, alikwenda kwenye kampuni ya reli kuomba kazi ya uhandisi. Mhandisi mweusi? Wakampa koleo la kusukumia makaa ya mawe ndani ya tanuri la garimoshi, na kopo la kupakia oili.

Garimoshi la siku hizo lilisimama kila baada ya mwendo fulani ili mpakaji wa oili ashuke azunguke na kopo lake. McCoy, akiwa na elimu ya Edinburgh kichwani na masizi mikononi, aliona upuuzi wa kusimamisha treni nzima kwa ajili ya kopo. Mwaka 1872 akapata hataza ya kifaa kinachopeleka oili kwenye silinda chenyewe, mashine ikiwa inafanya kazi. Alipata hataza zaidi ya 50 katika maisha yake, nyingi zikihusu upakaji wa oili, akafa mwaka 1929. Kazi waliyompa ili kumdhalilisha ndiyo aliyoitumia kuwafundisha.

Namsimulia McCoy kwa sababu maalumu. Hapa kwetu mtu anayepima oili asubuhi ni utingo. Dereva amekaa ndani anapasha injini na kusikiliza redio, tajiri yuko mjini anapiga simu, na kijana mdogo asiye na mkataba wala leseni ndiye anayefungua boneti, anayefuta kijiti kwa tambara, anayesema ipo au haipo. Injini ya mamilioni ya shilingi iko mikononi mwake, na wakati mwingine hakuna aliyewahi kumweleza hata alama mbili za kile kijiti zina maana gani. Huo ni uonevu kwa kijana na ni upumbavu wa kibiashara kwa tajiri. Utingo anayejua kusoma oili, anayeona imegeuka maziwa akatambua kwamba maji yameingia, anayeisugua kati ya vidole akahisi chembe za chuma, huyo ni fundi wa siku za mbele. Mfundisheni.

Barabara yetu hii ilikwisha kutufundisha, kama tungekuwa na kumbukumbu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko kwa Smith. Kufikia Desemba njia ikafungwa. Migodi ya shaba ilihitaji dizeli, magari yalihitaji petroli, na mlango uliobaki ulikuwa huu wa kwetu: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Ndege zilibeba mapipa kwa muda, lakini kazi kubwa ikaangukia malori. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya vumbi, ikigeuka tope zito masika, na wageni wakaibatiza jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali mbili, ya Tanzania na ya Zambia, pamoja na mbia kutoka Italia, ziliunda kampuni ya usafirishaji iliyoleta malori ya Fiat kwa mamia. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 likaanza kupeleka mafuta Ndola. Lami ikafuata, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa, ikipita hapa hapa Vwawa na Tunduma.

Kati ya mwaka 1966 na lami kuna miaka ambayo injini zilikuwa zikila vumbi mchana na usiku. Vumbi likipita kwenye filta ya hewa iliyochoka linaingia kwenye oili, na oili yenye vumbi inakuwa dawa ya kusagia. Madereva waliodumu kwenye kazi ile walikuwa wale waliobadilisha oili mapema, waliosafisha filta kila jioni, na walioutazama mshale wa presha kabla ya kutazama mwendo. Mimi naamini kizazi kile kiliijua injini kuliko kizazi chetu chenye mitambo bora mara kumi, na sioni fahari yoyote katika hilo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwenye Safari yenyewe. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 ikapewa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mtu wa kwetu, Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404 pamoja na Chris Rothwell. Lakini ninayemweka juu ya wote ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Ushindi mara tatu ni jambo kubwa, ila hiyo 19 kati ya 22 kwangu ni kubwa zaidi. Mtu hamalizi Safari 19 kwa kukanyaga mafuta. Anamaliza kwa kusikiliza injini.

Sasa mtungi.

Kwa nini pampu huvuta hewa ilhali sampu ina oili? Kwa sababu oili ni kimiminika na haishiki mahali. Beba maji kwenye beseni nyuma ya pikapu, kata kona kwa kasi, utaona maji yanavyopanda ukuta wa upande mmoja na kuacha upande wa pili mkavu. Ndani ya sampu ni hivyo hivyo, na bomba la kuvutia la pampu limekaa mahali pamoja, haliifuati oili inakokwenda. Gari la mashindano lenye matairi laini kwenye lami linaweza kukata kona kwa nguvu inayolingana na uzito wake lenyewe. Hapo uso wa oili unasimama kwa nyuzi 45. Kwenye changarawe mshiko ni mdogo, lakini bado oili inalala nyuzi 30 au zaidi. Na gari likiruka tuta, kwa muda ambao liko hewani oili haina chini wala juu. Injini za Subaru ambazo silinda zake zimelala kushoto na kulia zina taabu ya ziada, maana kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na kuchelewa kurudi kwenye sampu. Metali za konrodi ndizo huondoka kwanza.

Linganisha na lori linalopanda Senjele au Iwambi. Mlima mkali wa barabarani, unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, unalaza oili nyuzi sita hivi tu. Sampu ya lori imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo wenye malori walioniuliza nao kuhusu mtungi huu, jibu lao ni fupi: milima yetu haiwadai.

Wazo la kuweka akiba ya presha ni la William Armstrong wa Newcastle, mwanasheria aliyeacha sheria kwa mapenzi ya mitambo. Kreni zake za bandarini ziliendeshwa kwa maji yenye presha kutoka kwenye mnara mrefu. Karibu na mwaka 1850, huko New Holland kando ya mto Humber, udongo ulikuwa mchanga usioweza kubeba mnara. Akatengeneza silinda kubwa yenye pistoni iliyobebeshwa mzigo mzito: pampu ikijaza maji, mzigo unapanda, kreni ikihitaji nguvu, mzigo unashuka na kuyasukuma maji.

Mtungi wa oili ni mdogo wa ukoo huo, ila badala ya mzigo una hewa. Ni silinda ya alumini yenye pistoni ndani isiyofungwa kwenye kitu chochote, ikitembea huku na huku. Upande mmoja kuna hewa iliyobanwa, upande wa pili oili inayotoka kwenye njia kuu ya oili ya injini. Injini ikiwa na presha nzuri oili inaingia mtungini na kuibana hewa. Presha ikianguka, hewa inaisukuma oili irudi kwenye injini papo hapo bila kusubiri pampu. Unaojulikana zaidi ni Accusump wa kampuni ya Canton ya Marekani, unaouzwa kwa ukubwa wa kama lita moja, mbili na tatu.

Je, lita tatu ni lita tatu kweli? Hapana, na hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Chukua mtungi wa lita tatu uliotiwa hewa ya pauni 7 kabla ya oili. Injini ikifika pauni 60, kwa kanuni ya Boyle ya mwaka 1662 hewa ile inabanwa hadi kama sehemu tisa za kumi za lita, na oili inayoingia ni lita mbili na kidogo. Presha ikianguka, mpaka inafika pauni 20 mtungi utakuwa umetoa lita moja. Injini ya kawaida ya mashindano ikiwa juu inaweza kupitisha kama nusu lita kwa sekunde. Kwa hiyo umenunua sekunde mbili nzuri na nyingine mbili dhaifu. Kona nyingi zinaisha ndani ya muda huo. Kona isiyoisha, au pampu iliyokufa kabisa, mtungi hautakuokoa.

Kufunga si kazi ngumu kwa fundi mwangalifu. Mtungi unakaa popote penye nafasi, kwenye buti au chini ya boneti, mbali na joto la eksozi. Ukilazwa ni bora zaidi. Ufungwe kwa klampu za chuma kwenye bodi, kamwe usiufunge kwa waya, maana ukiwa umejaa ni mzito na gari likipinduka utakuwa kombora. Hozi iwe ya presha, yenye tundu la nusu inchi au zaidi, na iwe fupi kadiri inavyowezekana. Hozi nyembamba itaichelewesha oili mpaka faida yote ipotee. Inaunganishwa na injini kupitia sahani inayokaa kati ya bloki na filta. Hapo pana kitu ambacho mafundi wengi wa mitaani hukiruka: valvu ya njia moja. Bila valvu hiyo, presha ikianguka oili ya mtungi itafuata njia rahisi na kurudi nyuma kwenye pampu na sampu, na metali zako zitabaki kavu kama zamani. Hewa hujazwa mtungi ukiwa hauna oili kabisa, kati ya pauni 7 na 15 kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, na pampu ya baiskeli inatosha.

Mara ya kwanza washa injini valvu ya mtungi ikiwa imefungwa, iache ipate moto, kisha fungua taratibu. Oili itahama kwenda mtungini, kwa hiyo kiwango kwenye sampu kitashuka. Funga valvu, zima, pima, ongeza. Kuanzia siku hiyo utaratibu ni mmoja. Unapotaka kuzima gari, funga valvu wakati injini bado iko kwenye mizunguko 2,500 hivi, ndipo uachie na kuzima. Ukifunga ikiwa kwenye silensi yenye pauni 20, umehifadhi lita moja badala ya mbili. Asubuhi fungua valvu kwanza, tazama presha inapanda injini ikiwa imelala, ndipo uwashe. Ukisahau valvu wazi usiku, oili yote ya mtungi itamiminika kwenye sampu, na ukiifunga asubuhi kisha ukawasha, krenki itaipiga mpaka ifanye povu. Povu ni hewa, na hewa ndiyo adui tuliyekuwa tunamkimbia. Zipo pia valvu za umeme zinazofunguka zenyewe presha ikishuka chini ya kiwango fulani. Za pauni 20 hadi 25, 35 hadi 40, na 55 hadi 60. Kwa dereva wa mashindano ni nzuri. Kwa kijana anayejifunza napendelea ya mkono, ili mkono wake uzoee kufikiri kabla ya kugeuza ufunguo.

Faida ya asubuhi ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Mbozi. Tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hapa mnaijua. Oili baridi ni nzito, na gari lililolala usiku kucha limeachwa na oili yote chini. Wale wanaowasha na papo hapo kupiga resi ili majirani wasikie, wanazisaga metali zao kila siku kidogo kidogo, na mwaka ukiisha watasema Subaru ni gari bovu. Subaru si gari bovu. Mwenye mtungi anaitia presha injini kabla haijazunguka. Asiye na mtungi awashe, asubiri nusu dakika bila kugusa mafuta, aondoke polepole mpaka ipate moto. Subira hiyo haiuzwi dukani.

Na sasa narudi kwenye geji ya Tower. Karibu magari yote ya vijana wetu yana taa nyekundu ya oili tu kwenye deshibodi. Taa ile kwa kawaida huwaka presha ikiwa imeshuka chini ya pauni 7 hivi, nyingine chini zaidi. Kwenye silensi pauni 7 si mwisho wa dunia. Lakini mafundi wa mashindano wana kanuni ya kale, pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000, na kwa kanuni hiyo injini iliyo kwenye mizunguko 6,000 inahitaji pauni 60. Ikianguka hadi 25 iko hatarini, na taa imelala. Itakapowaka, metali zimekwisha kuondoka. Kijana anayenunua mtungi wa fedha za kigeni wakati gari lake halina geji ya presha ya oili ananunua dawa bila kupima ugonjwa. Huenda kona zake hazimsumbui kabisa. Huenda pampu imechoka, au anatumia oili nyepesi kuliko injini inavyotaka, na mtungi utamfichia tatizo hilo mpaka siku ya msiba.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa walioniuliza ni hii. Anayeshindana kweli, mwenye gari linaloandikishwa kwenye mashindano kama Mkwawa Rally, afunge mtungi wa lita tatu pamoja na vizuizi ndani ya sampu, maana mtungi peke yake ni nusu ya kazi. Anayekwenda Tunduma na kurudi Vwawa, hata akiwa na turbo, hahitaji mtungi wa kona. Afunge geji, ajifunze kuisoma, na aache kukimbizana kwenye barabara yenye malori, watoto wa shule na bodaboda. Sitamsaidia mtu kufunga kifaa cha mashindano kwa ajili ya mashindano ya barabarani, na nawaomba mafundi wenzangu nao wakatae.

Wakuu wa vyuo vya ufundi, pamoja na walimu wa VETA mkoani kwetu na Mbeya, nawaomba kitu kimoja kisicho na gharama kubwa: kila injini ya kufundishia karakanani ifungwe geji ya presha ya oili, na mwanafunzi asiruhusiwe kuiwasha kabla hajaandika ubaoni presha anayotarajia kuiona. Na wewe msomaji mwenye gari, kesho muulize fundi wako presha ya oili ya injini yako ni kiasi gani ikiwa imepata moto, kwenye silensi na kwenye mizunguko 3,000. Mwambie akupimie mbele ya macho yako na uandike namba hizo mbili kwenye kitabu cha gari. Sehemu ya sita, itakayohusu sampu kavu, itaanza na namba hizo.